Saa nane ya bibi wa Bahi

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, nahangaika na waya wa printa, niliposikia fimbo ikigonga sakafu. Nikainua kichwa. Alikuwa bibi mmoja aliyejitanda kanga, vumbi limempanda mpaka magotini, mkononi kashika kitochi kilichofungwa mpira ili betri isichomoke. Alimsalimu karani, "Mbukwenyi," kisha akaipitisha simu dirishani.

"Nimekuja kwa daktari wa macho. Mmeniandikia saa nane. Nimewahi, bado robo saa."

Karani alimtazama, akaitazama saa ya ukutani, halafu akanitazama mimi. Programu ya miadi ya hospitali ile niliiandika mimi. Kwenye skrini yake, mkabala na jina la bibi, palikuwa na neno moja la rangi nyekundu.

HAKUFIKA.

Daktari wa macho huja pale mara moja kwa mwezi. Siku hiyo alianza kuona wagonjwa saa mbili asubuhi, akamaliza saa sita na nusu, akaondoka. Jina la bibi liliitwa mara tatu, akiwa bado Bahi, kando ya barabara, anasubiri gari.

Nikaiomba simu nisome. "Unakumbushwa kliniki ya macho tarehe 14/08 saa 08:00. Fika na kadi yako." Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Aliyemsomea ni mjukuu wake wa darasa la tano. Mtoto aliona saa, akaona nane, akaona sifuri mbili. Akasema saa nane.

Alisoma sawasawa.

"Sasa mjukuu wangu," bibi aliniuliza, "nirudi lini?"

Herufi saba

Wiki zilizofuata niliendelea na kazi nyingine, lakini kila nilipofungua laptopu niliiona ile meseji. Nikaanza kuirudia historia yake, mstari kwa mstari, kujua ni wapi hasa nilipoteleza.

SMS moja hubeba baiti 140, ambazo kwa herufi za kawaida ni nafasi 160. Ukizidisha hata herufi moja, unalipia meseji mbili. Meseji yangu ya kwanza ilikuwa na jina la mgonjwa, jina la hospitali, namba ya kupiga, na ilivuka mpaka kidogo tu. Nikaanza kupunguza. Nikakuta neno "asubuhi". Nikajiambia kwamba 08:00 haiwezi kuwa usiku, maana usiku ungeandikwa 20:00. Herufi saba na nafasi moja, nikafuta, meseji ikaingia kwenye moja.

Kwa hesabu ya kompyuta nilikuwa sahihi.

Kosa lilianza kabla ya hapo, nami sikuliona mpaka nilipofungua toleo la zamani kabisa. Kiolezo cha mwanzo kilikuwa cha Kiingereza, nilikichukua kutoka mfumo mwingine. Penye kile kineno cha Kiingereza kinachotangulia muda, mimi niliweka "saa". Nilidhani natafsiri. Lakini "saa" si kiunganishi cha kushikiza namba kwenye sentensi. "Saa" ni hesabu nzima, ina mwanzo wake na mwisho wake, na inaanzia alfajiri. Nilichukua neno linalohesabu kuanzia jua linapotoka, nikalibandika mbele ya namba inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili tofauti ndani ya maneno mawili.

Mwenzangu tunayefanya naye kazi hakukubaliana nami. "Kaka, watu wameshazoea. Simu zote zinaandika 08:00 na watu wote wanasema saa mbili. Huyo ni bibi mmoja."

Hoja yake ilinisumbua kuliko kosa lenyewe, kwa sababu ni kweli. Simu yangu inaandika 14:30 na mdomo wangu unasema saa nane na nusu bila akili kushtuka. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Kama sisi sote tunageuza, mtoto yule alishindwaje?

Nikachukua karatasi mbili. Kwenye moja nikaandika 08:00, kwenye nyingine nikaandika saa 08:00. Mama ntilie tunayekula kwake, karibu na stendi ya Jamatini, alipoiona ya kwanza alisema haraka, "saa mbili." Nikampa ya pili. Akaishika, akaisogeza mbali kidogo na macho, akanyamaza.

"Saa nane," alisema. Halafu: "Ya mchana?"

Niliwaonyesha na wengine wawili watatu, wakayumba palepale. Tunageuza namba inapokuwa peke yake, kwa sababu tunaijua ni namba ya mashine. Ikitanguliwa na "saa", tunaiamini. Tunadhani aliyeandika ameshageuza.

Neno jekundu

Pamoja na hayo, ningeweza kulimaliza jambo kwa kufuta "saa" na kurudisha "asubuhi". Dakika tano. Kilichonizuia ni lile neno jekundu.

Programu yangu ina kanuni rahisi: mgonjwa asipogongewa muhuri wa kufika ndani ya saa mbili baada ya muda wa miadi, jina lake linajiandika HAKUFIKA. Hakuna mtu anayebonyeza chochote. Niliona fahari nilipoiweka, kwa sababu makarani walikuwa wakilalamika kuchosha mikono.

Nikafungua hifadhidata. Nilitafuta watu waliopewa miadi ya asubuhi, wakaandikwa hawakufika, kisha siku hiyohiyo wakaonekana dirishani mchana. Bibi wa Bahi hakuwa peke yake. Walikuwepo wa saa 08:00 waliofika mchana saa nane, na wa saa 09:00 waliofika saa tisa. Ukiwatazama kwenye orodha unaona wanavyofuatana na namba ya meseji, mtu na saa yake, kwa uaminifu kabisa.

Wote walikuwa wamewahi.

Na kila mwisho wa mwezi programu hiyohiyo hutoa ripoti. Niliisoma tena ripoti ya mwezi wa nyuma, ile niliyoiandalia grafu za rangi, na katika maelezo yake palikuwa na sentensi kwamba wagonjwa wanaotoka vijijini hawazingatii miadi. Aliyeiandika hakuwa na nia mbaya. Alisoma namba nilizompa.

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Mtu ametembea mpaka barabarani, amelipa nauli, amekuja saa aliyoandikiwa, na mashine inamwandika mtoro. Halafu karatasi inakwenda mezani kwa wakubwa, na pengine siku moja itaamuliwa kwamba watu wa Bahi, au wa Chamwino, au wa Kongwa, hawathamini huduma.

Mashine haikukosea kujumlisha. Ilikosea lugha, na aliyeifundisha lugha ni mimi.

Mkia wa mshale

Babu yangu alikuwa na saa ya mezani ya kutia ufunguo. Mshale wake mfupi ulikuwa na mkia uliotokeza upande wa pili wa katikati. Alinifundisha kusoma saa kwa kidole: "Usifuate kichwa. Fuata mkia." Kichwa kikiwa kwenye 8, mkia uko kwenye 2. Kichwa kikiwa kwenye 1, mkia uko kwenye 7. Nilikwenda shule nikiamini kwamba mafundi wa saa waliuweka ule mkia kwa ajili yetu.

Nililikumbuka hilo nikiwa nasoma jinsi kompyuta zinavyoshika muda, jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote ya kazi bila kulitazama usoni. Seva yangu haijui asubuhi wala jioni. Inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ulikuwa saa tisa usiku. Mashine za zamani zinazoweka hesabu hiyo kwenye biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Habari zote za teknolojia zinaandika 03:14:07, lakini kwa hapa Dodoma ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza.

Ili kutoka kwenye sekunde hizo kuja kwenye saa ya nchi fulani, kompyuta na simu nyingi duniani zinategemea jedwali moja la majira, lililoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980 na kutunzwa kwa muda mrefu na Paul Eggert. Mwaka 2011 kampuni ya unajimu iliwashtaki wote wawili kwa madai ya hakimiliki, na jedwali likahamishiwa chini ya ICANN, shirika linalosimamia majina na namba za intaneti, ili lisiyumbe. Sisi tumo humo kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, ambalo siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye Africa/Nairobi. Sina ugomvi na hilo. Saa yao na yetu ni moja.

Jedwali likishatoa saa, kuna hatua ya mwisho: kuiandika ili mtu aisome. Hapo zinatumika kanuni za Unicode, shirika linaloweka taratibu za maandishi ya lugha zote kwenye kompyuta, na kanuni hizo zinajua namna nne za kuhesabu saa za siku. Kuna 0 mpaka 23. Kuna 1 mpaka 24. Kuna 0 mpaka 11. Kuna 1 mpaka 12. Nilizisoma mara mbili nikitafuta ya tano.

Zote nne zinaanzia usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna inayoanzia jua.

Kiswahili kimo mle, na kimefanyiwa kazi nzuri. Majina ya siku yamo, ya miezi yamo, hata alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku yamo. Ila namba inayokaa kando ya neno haisogei. Ukiiomba kompyuta iandike muda kwa Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, inakupa nane kamili ya asubuhi, muda ambao hakuna mtu mwenye Kiswahili cha kunyonya aliyewahi kuuishi.

Habari za Mei na habari za mwezini

Mwaka huohuo nilikuwa nimefurahia sana habari za Temporal. Kwa wasioandika programu: lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku 10, na sehemu yake ya kushughulikia tarehe ilinakiliwa kutoka lugha nyingine ya programu, Java, na mapungufu yake yote. Januari humo ni mwezi wa 0. Tumebeba mzigo huo miaka 30. Temporal ndiyo sehemu mpya iliyoandaliwa kuchukua nafasi hiyo, na Mei 2025 kivinjari cha Firefox kilianza kuitoa kwa watumiaji wake wote. Inatenganisha tarehe, saa na majira vizuri mno. Ina kalenda ya Kiislamu, ya Kiyahudi, ya Kiethiopia yenye miezi 13.

Hapo kwenye Ethiopia moyo ulinidunda, kwa sababu wao nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Nikadhani mlango upo. Kalenda yao imo, saa yao haimo.

Nikakumbuka pia habari niliyoisoma Aprili 2024: ikulu ya Marekani iliiagiza NASA, shirika lake la anga, iandae majira ya mwezini kabla ya mwisho wa 2026. Saa iliyoko mwezini hukimbia kuliko ya duniani kwa mikrosekunde 58.7 kila siku, na chombo kinachotua kinaweza kupotea njia kwa tofauti hiyo ndogo. Ni kazi ya maana na naiheshimu. Lakini nilipoisoma tena baada ya Bahi, nilijiuliza swali ambalo bado ninalo. Mikrosekunde 58.7 zimepata kikao kwa sababu mtu aliyeumizwa nazo yumo kwenye chumba kinachoamua. Saa sita kamili, kwa lugha ambayo UNESCO inasema ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200, nani amewahi kwenda kuzisemea?

Mimi sijawahi. Nimeandika programu kwa Kiswahili miaka tisa na sijawahi hata kuandika barua.

Kuongeza sita

Basi nikaanza na kilicho mikononi mwangu. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja: chukua saa ya mashine, ongeza 6, gawanya kwa 12 uchukue kinachobaki, kikibaki sifuri, andika 12. Nane inakuwa mbili. Kumi na nne inakuwa nane. Niliandika, nikaijaribu kwa saa zote 24, ikapita.

Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza.

Violezo vya meseji vilikuwa vingi, nikaandika kipande cha programu kitafute kila penye neno "saa" likifuatiwa na namba, kigeuze. Nikakiendesha, nikafungua orodha ya majaribio, nikawa naishusha taratibu nikinywa chai. Meseji ya kliniki, sawa. Meseji ya maabara, sawa. Halafu meseji ya duka la dawa, ile inayomkumbusha mgonjwa namna ya kumeza vidonge:

"Meza kidonge 1 kila baada ya saa 2."

Ilitakiwa kuwa kila baada ya saa 8.

Niliweka kikombe chini. Ilikuwa kwenye majaribio, hakuna aliyetumiwa. Lakini nilihisi baridi mgongoni, kwa sababu ningekuwa na haraka kidogo tu, au ningekuwa nimeamka vibaya siku hiyo, mtu angemeza mara nne ya dozi yake kwa sababu nimeamua kuitetea lugha.

"Saa" ya kliniki na "saa" ya vidonge zinaandikwa sawa. Moja ni mahali ndani ya siku, nyingine ni urefu. Nilipokuwa shule, mwalimu alitukata alama tukiandika "masaa": saa haina ma-, iwe moja au kumi, ni saa tu. Ni sheria nzuri ya sarufi na bado naifuata. Hata hivyo watu mitaani wanasema "nimekaa foleni masaa manane", na hakuna hata mmoja anayesema "njoo masaa manane". Wametenganisha walichohitaji kukitenganisha. Nilipokuwa natafuta alama ya kuitofautishia mashine, niliikuta midomoni mwa wale tuliozoea kuwasahihisha.

Kwenye meseji za dawa sikuandika "masaa", mkono ulikataa. Niliandika "asubuhi, mchana na usiku". Na kile kipande cha kutafuta na kugeuza nilikifuta, nikavipitia violezo vyote kimoja kimoja kwa macho. Ilinichukua siku mbili.

Alfajiri ya nani

Baada ya namba yakabaki maneno. Nilidhani ndiyo sehemu rahisi.

Nilimpigia mama, Kondoa, nikamuuliza ile saa kumi anayoamka kukanda maandazi anaiitaje. "Saa kumi usiku," alisema. "Alfajiri ni mpaka adhana." Baba mdogo, aliyeendesha mabasi maisha yake yote, alisema saa kumi alfajiri, na akashangaa kwa nini nauliza, maana abiria wote huambiwa hivyo. Saa kumi ya mchana nayo, mmoja aliiita jioni, mwingine alasiri. Kwa saa moja jua likishazama, wengine husema jioni, wengine usiku.

Nilitaka mipaka. Nikagundua kwamba mipaka hiyo inafuata kazi ya mtu. Aliye kitandani na aliye njiani hawana alfajiri moja. Kliniki ilinisaidia kwa kuwa haifunguliwi muda huo, nikaweka mipaka ambayo hakuna aliyeipinga: asubuhi mpaka saa tano na dakika 59, mchana kuanzia saa sita, jioni kuanzia saa kumi.

Lakini ipo meseji moja ya usiku ambayo sikuweza kuikwepa, nayo ni ya wanaofanyiwa upasuaji. Mtu wa upasuaji wa Ijumaa asubuhi anaambiwa asile chochote kuanzia usiku wa manane. Hifadhidata inaandika Ijumaa, 00:00. Programu yangu mpya, ikiwa imejaa Kiswahili chake, ikatoa: "Usile kuanzia Ijumaa saa 6 usiku."

Nimsomee nani hiyo? Mtu yeyote hapa ukimwambia Ijumaa saa sita usiku, anaelewa Ijumaa ikiwa imeshakwisha, watu wamelala. Angekula chai ya Ijumaa asubuhi na kupanda kitanda cha upasuaji na tumbo limejaa. Kwa mashine Ijumaa huanza gizani. Kwetu Ijumaa huanza watu wakiamka, na kwa wazee wa pwani inaanza mapema zaidi, jua la Alhamisi linapozama. Katikati ya hesabu hizo tatu, lugha ilishatengeneza daraja lake siku nyingi, nasi tunalisikia kila siku kwenye taarifa ya habari: usiku wa kuamkia.

"Usile chochote kuanzia saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa."

Haikosewi hata ukitaka kuikosea. Sijui lugha nyingine niliyosoma inayolisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo. Nikaliingiza kwenye programu: muda wowote kuanzia usiku wa manane mpaka kabla ya saa kumi na moja, siku haitajwi peke yake, inatanguliwa na kuamkia. Meseji nzima inavuka nafasi 160. Tunalipia mbili.

Mwenzangu aliisoma akanyamaza kidogo. "Na ndani kwa wauguzi?" aliuliza. Ndani nimeacha kama kulivyokuwa. Mafaili yao yana saa 24, wamefundishwa hivyo, na mgonjwa aliyechomwa sindano 20:00 lazima abaki 20:00 ili zamu inayofuata isibahatishe. Kilichobadilika ni kinachotoka nje kwenda kwa mtu.

Kanuni ya HAKUFIKA nimeiondoa. Sasa karani ndiye anayeandika, kliniki ikishafungwa, akiwa ameangalia benchi. Wale wote niliowakuta kwenye hifadhidata nimewaombea kibali warekebishwe, na uongozi ulikubali. Neno lao sasa ni "Alifika", likiwa na maelezo mafupi chini yake kwamba kosa lilikuwa la meseji. Ripoti ya nyuma nayo nimeomba itolewe upya. Hilo bado nalifuatilia.

Mwezi uliofuata

Siku ya daktari wa macho niliwahi kufika. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, nimeweka laptopu mapajani, naangalia majina yakiingia. Meseji ya safari hii ilisema: "Kliniki ya macho ni Alhamisi tarehe 11/09, saa 2:00 asubuhi."

Fimbo niliisikia kabla sijamwona. Alikuwa amelala kwa binti yake, Nkuhungu, ili asihangaike na gari la asubuhi. Karani akampokea kadi, akabonyeza. Kwenye skrini yangu mstari mpya ukajitokeza: seva imeandika 04:41, muda wa Greenwich, safu ya pili, muda wa hapa, 07:41, na ya tatu, niliyoiongeza wiki ile, saa 1:41 asubuhi.

Nikasimama nikamwamkia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Alinitazama kwa lile jicho linaloona vizuri, akanitambua. Akainua kidevu kuelekea saa ya ukutani. "Nimewahi?"

"Umewahi, bibi. Hata ile siku uliwahi."